Zana ya Kuandikia na Lugha ya Mwandikaji: Uhakiki wa Mizani ya SETT kwa Kutazama Kainuk

1. UTANGULIZI

Kila mwalimu wa shule ya msingi anamjua mtoto wa namna hii. Ukimwuliza habari za malishoni atakusimulia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpango mzuri na kwa ucheshi. Ukimpa kalamu na karatasi atakurudishia mistari miwili isiyosomeka. Zamani mtoto huyo aliitwa mzito, akaketishwa nyuma ya darasa, na habari zake zikaishia hapo. Siku hizi tunayo majina mengine ya kumwitia, kama vile disleksia kwa ugumu wa kusoma na kutahajia, na disgrafia kwa ugumu wa kuandika. Zaidi ya majina, tunazo zana: programu ya kutabiri neno kabla halijamalizika kuandikwa, kisahihishi cha tahajia, mashine inayoandika imla, na mashine inayosoma kwa sauti yale yaliyoandikwa.

Zana hizi aghalabu hujadiliwa na walimu wa elimu maalum na mafundi wa kompyuta. Wanaisimu wa lugha za Kiafrika hawajashirikishwa sana katika mjadala huo, wala wenyewe hawajabisha hodi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukimya huo una hasara, na kwamba hasara hiyo humwangukia mtoto. Tutaihakiki mizani moja inayotumiwa sana katika kuamua kama zana ya kuandikia inamfaa mwanafunzi, yaani mizani ya SETT, na tutaipima kwa kuipeleka Kainuk, kusini mwa Turkana. Hoja yetu ni kwamba mizani hiyo, pamoja na uzuri wake wote, haikulipa swali la lugha mahali palipo pake. Na kwamba pale ambapo lugha ya nyumbani, lugha ya darasani na lugha ya zana ni lugha tatu mbalimbali, swali hilo ndilo la kutangulia yote.

2. MIZANI YENYEWE

Mizani ya SETT iliundwa katika miaka ya 1990 na Joy Zabala, mtaalamu wa Marekani. Wakati huo swali lilikuwa limekwisha kuwa la kisheria nchini humo: sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliporekebishwa mwaka 1997, iliwataka wale wanaopanga elimu ya mtoto wa aina hiyo wafikiri kama anahitaji zana saidizi. Sheria iliagiza kufikiri, na walimu wakauliza: tufikiri vipi?

Zabala alijibu kwa maswali yaliyopangwa katika mafungu manne, na herufi nne za jina la mizani zinatokana na mafungu hayo kwa Kiingereza. Kwanza, mwanafunzi: anaweza nini, na ni nini kinachomshinda? Pili, mazingira: anasomea wapi, pamoja na nani, na kwa misaada gani? Tatu, kazi: anatakiwa kufanya nini hasa? Nne na mwisho, zana: ni kitu gani, cha mashine au kisicho cha mashine, kitakachomwezesha mwanafunzi huyu, katika mazingira haya, kuifanya kazi hii?

Sifa kubwa ya mizani hii ni mpangilio wake. Zana imewekwa mwisho kwa makusudi. Watu wengi huanza na chombo kilichokwisha kununuliwa, kisha wakamtafuta mtoto wa kumpa. Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali mashuleni, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, ulisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma. Vilikuja vya namna moja, kwa hesabu ya shule na madarasa, si kwa kuangalia shida ya mtoto huyu au yule. Hatusemi kwamba mpango huo haukuwa na faida. Tunasema tu kwamba kwa mtoto mwenye ugumu wa kuandika, swali la Zabala halikuulizwa.

Sifa ya pili ni kwamba mizani hii inataka uamuzi ufanywe na watu kadha kwa pamoja: mwalimu, mzazi, mtaalamu, na mwanafunzi mwenyewe. Si cheti kitolewacho na mtu mmoja ofisini. Hili nalo tunalikubali bila shaka yoyote.

3. KAINUK KAMA MAHALI PA KUPIMIA

Kainuk ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, pale mpaka wa Turkana unapokutana na Pokot Magharibi. Tumeuchagua kwa sababu mafungu yote manne ya mizani yanapata mtihani mgumu hapo.

Tuanze na mazingira, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana upesi. Si mbali na Kainuk kuna bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya mwaka 1986 na 1991, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 106 za umeme. Umeme huo husafirishwa kwa nyaya hadi Lessos, huko nyanda za juu. Umeme kuzalishwa jirani si sawa na umeme kufika darasani, na zana inayohitaji kuchajiwa kila siku haina budi kuulizwa itachajiwa wapi. Tena, mpaka huu umejua kwa miaka mingi uvamizi wa mifugo baina ya Waturkana na Wapokot. Shule hufungwa, familia huhama, na ukame nao huwahamisha wengine. Zana isiyoweza kuhama na mtoto, au inayomtia hatarini anapoibeba, haimfai hata kama ni bora kupita zote.

Haya yote mizani ya SETT inaweza kuyabeba, maana fungu la mazingira lina nafasi yake. Jambo lisilobebwa vizuri ni la lugha. Mtoto wa Kainuk aghalabu huanza maisha kwa Kiturkana. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imesema kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Kiswahili au Kiingereza vifuate. Kwa hiyo mtoto huyu hujifunza herufi kwa lugha moja, akatakiwa kutunga insha kwa lugha ya pili, na kufanya hisabati na sayansi kwa lugha ya tatu. Zana atakayopewa, kwa kawaida, imetengenezwa kwa ajili ya hiyo ya tatu.

Mtetezi wa mizani atasema kwamba lugha imo tayari ndani ya fungu la mwanafunzi. Ni kweli kwamba inaweza kuingizwa humo. Lakini lugha si sifa ya mwanafunzi peke yake. Mazingira yana lugha yake, kazi ina lugha yake, na zana pia ina lugha yake. Kitu kinachopita katika mafungu yote manne hakiwezi kufichwa katika fungu moja. Na hata tukikifukua, mizani haitufundishi la kufanya pale lugha hizo zinapopingana. Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika.

4. KOSA LA LUGHA NA KOSA LA ULEMAVU

Kabla ya kuamua kama zana inamfaa mtoto, lazima ijulikane shida yake ni nini. Shida hiyo hutambuliwa, mara nyingi, kwa makosa ya maandishi. Hebu tuone makosa hayo yanaweza kutoka wapi.

Kiturkana, kama alivyokieleza Dimmendaal katika sarufi yake ya mwaka 1983, ni lugha ya Kiniloti ya Mashariki yenye irabu tisa. Irabu za mwisho wa neno, linapofuatiwa na kituo, hutamkwa bila mghuno, kama mnong'ono. Miongoni mwa konsonanti zake hakuna /f/ wala /z/. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila neno lake la asili huishia kwa irabu inayosikika. Tena irabu hiyo ya mwisho hubeba maana: aandika, aandike, haandiki. Tukilinganisha lugha hizi mbili, twaweza kutarajia kwamba baadhi ya watoto wa Kiturkana watasitasita katika mambo mawili: kutofautisha /f/ na /p/, au /z/ na /s/, na kuandika irabu ya mwisho, ambayo masikio yao yamezoea kuisikia ikififia.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, twende upande wa Marich na Sigor. Kipokot ni lugha ya Kiniloti ya Kusini, ndugu ya Kikalenjin. Humo /p/ na /b/ hazitofautishi maana, wala /t/ na /d/, wala /k/ na /g/. Mtoto wa Kipokot anaweza kuandika papa akiwa na maana ya baba, na kari akiwa na maana ya gari. Mwalimu aliyesoma katika kitabu fulani kwamba mtoto mwenye disleksia huchanganya b, d na p, atamwona huyu na kusema: huyu hapa. Kumbe mtoto hana ulemavu wowote. Anaandika Kiswahili kwa masikio ya Kipokot, kama mtoto mwingine yeyote wa umri wake kijijini kwao.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mwalimu mwenye kuelewa athari za lugha ya kwanza anaweza kuyasamehe makosa yote ya mtoto kwa kusema, "Ni lugha ya mama inamsumbua," na miaka ikapita bila mtoto mwenye disleksia ya kweli kutambuliwa. Hatari hii huongezwa na tahajia ya Kiswahili yenyewe. Wimmer alionyesha mwaka 1993, kwa watoto wanaosoma Kijerumani, kwamba katika lugha ambayo herufi na sauti hupatana vizuri, disleksia hujionyesha zaidi kwa usomaji wa polepole kuliko kwa wingi wa makosa. Paulesu na wenzake, mwaka 2001, waliwalinganisha Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Wakaona kwamba chanzo chake katika ubongo ni kimoja, ila Waitaliano, ambao tahajia yao ni nyepesi, walisoma vizuri kuliko wenzao. Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano na Kijerumani. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi, bila kukosea lakini kwa kuchoka mno, hatanaswa na mtihani unaohesabu makosa.

Wala tusidhani kwamba unyoofu wa tahajia yetu unaliondoa tatizo. Alcock na Ngorosho, katika utafiti wao wa mwaka 2003 juu ya watoto wa Tanzania, walionya kwamba kujifunza kutahajia lugha yenye tahajia ya kanuni si jambo jepesi. Kama ni hivyo kwa watoto wa Tanzania, tutarajie nini kwa yule ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya shuleni?

5. ZANA NNE MBELE YA KISWAHILI

Tukishaijua shida, zana zenyewe ndizo za kuhakikiwa. Tutazitazama moja moja.

5.1 Utabiri wa maneno. Programu hizi humtazama mwandikaji anavyoanza neno, kisha humpa orodha ya maneno yanayoanza hivyo. Kwa Kiingereza mpango huo una maana, kwa sababu mzizi wa neno huwa mwanzoni na maumbo ya kitenzi ni machache. Kwa Kiswahili mambo ni kinyume. Chukua neno hatukuwaandikia. Lina herufi kumi na tano, na mzizi -andik- haujaanza mpaka herufi ya tisa. Zile nane za kwanza ni viambishi vya ukanushi, nafsi, wakati na mtendewa, ambavyo vyaweza kutangulia kitenzi chochote katika lugha. Mtoto aliyeandika hatuku bado hajaiambia mashine chochote kuhusu jambo analotaka kusema.

Tufanye hesabu ya juujuu. Nafsi sita, nyakati nne za -na-, -li-, -ta- na -me-, na nafasi saba za mtendewa, yaani nafsi sita pamoja na kutokuwapo: hayo ni maumbo 168 ya kitenzi kimoja, ukiacha machache yasiyowezekana. Ongeza ukanushi, idadi inakaribia mara mbili. Bado hatujagusa ngeli nyingine, wala kauli za kutendea, kutendwa, kutendesha na kutendana. Programu iliyojengwa juu ya orodha ya maneno mazima haiwezi kumtumikia mtoto huyu. Orodha itakuwa fupi mno isimsaidie, au ndefu mno asiweze kuisoma.

Dawa yake inajulikana. Hurskainen, wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alieleza mwaka 1992 jinsi kompyuta inavyoweza kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa mofimu zake, na kazi hiyo ikazaa kichanganuzi cha SWATWOL. Utabiri unaomfaa mtoto wa Kiswahili ni ule utakaompa kiambishi baada ya kiambishi, kisha mzizi, kwa kufuata sarufi. Maarifa ya kuujenga yamo katika idara zetu za lugha. Yanafundishwa kila mwaka katika kozi ya mofolojia, kisha yanabaki ubaoni.

5.2 Kisahihishi cha tahajia. Hapa mfano mmoja utatosha. Mtoto anataka kuandika: Nilifika Lodwar jioni. Kwa sababu tulizozitaja, anaandika: Nilipika Lodwar jioni. Kisahihishi hakitatia mstari mwekundu hata mmoja, kwa sababu nilipika ni neno sahihi la Kiswahili. Vivyo hivyo pua kwa fua, saa kwa zaa, na papa kwa baba. Makosa ambayo lugha ya kwanza huyaleta ndiyo hasa yanayokipita kisahihishi bila kuonekana.

Na pale kinapoona kosa, kisahihishi hutoa orodha. Aliyeandika andik ataletewa andika, andike, andiki na mengineyo, achague. Lakini kuchagua ni kusoma, tena ni kusoma kwa kutofautisha irabu ileile aliyoshindwa kuisikia. Tumemwondolea mzigo begani tukamwekea kichwani.

5.3 Mashine ya imla. Kwa mtoto anayesimulia vizuri na kuandika vibaya, hii inaonekana kuwa ndiyo zana yenyewe. Tangu mwaka 2017 huduma ya Google ya kuandika kwa sauti imekikubali Kiswahili, na juhudi za kukusanya sauti, kama ile ya Common Voice ya Mozilla, zimekipa Kiswahili nafasi ambayo lugha nyingi za Afrika hazijaipata. Tunalishukuru hilo. Hata hivyo, mashine ya imla huandika inayoyasikia, na masikio yake yametengenezwa kwa sauti za watu fulani. Sauti ya mtoto si sauti ya mtu mzima, na mashine za namna hii kwa jumla huwasikia watoto vibaya zaidi. Akisema nilipika, itaandika nilipika. Huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, kuna watoto waliokuja na Kiswahili cha Kongo, ambacho ndicho lugha yao ya nyumbani; nao wanaweza kusahihishwa na mashine kana kwamba hawakijui Kiswahili. Zana inayomkataa msemaji wa lugha kwa sababu ya lafudhi yake imeleta ulemavu mwingine juu ya ule wa kwanza. Na aghalabu zana hiyo hutaka intaneti.

5.4 Mashine ya kusoma kwa sauti. Hii ndiyo tunayoiona kuwa na matumaini makubwa zaidi kwa mahali kama Kainuk, ingawa ndiyo inayosifiwa kidogo zaidi. Kwa kuwa herufi na sauti za Kiswahili hupatana, kuifundisha mashine kukisoma si kazi kubwa kama kuifundisha kukisoma Kiingereza. Programu huria ya eSpeak husoma Kiswahili bila intaneti, na katika kifaa cha bei nafuu. Sauti yake ni kavu, lakini hutamka kila irabu ya mwisho, bila kunong'ona. Mtoto aliyeandika andik ataisikia ikiishia njiani. Hapo zana haimfanyii kazi. Inampa sikio la pili, na uamuzi unabaki kwake. Haitamfaa katika kosa la nilipika ikiwa masikio yake bado hayajatenga /p/ na /f/. Kosa hilo ni la kufundishwa na mwalimu, si la kutibiwa na mashine.

6. NAMNA YA KUAMUA

Uhakiki usiopendekeza kitu ni nusu ya kazi. Tunapendekeza kwamba kabla ya fungu la kwanza la SETT kuulizwe swali la lugha, na kwamba swali hilo lijibiwe kwa ushahidi wa aina tatu, ambao mwalimu anaweza kuupata bila kununua chochote.

Mtoto apewe jambo moja analolijua, kwa mfano jinsi mbuzi anavyotunzwa wakati wa kiangazi. Kwanza alisimulie kwa Kiturkana, mbele ya mtu aijuaye lugha hiyo. Siku nyingine alisimulie kwa Kiswahili. Siku ya tatu aliandike kwa Kiswahili, na mwalimu atazame saa vilevile, si makosa tu, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba upole wa kasi ni dalili.

Ikiwa masimulizi ya Kiturkana ni mazuri na yale ya Kiswahili ni duni, shida kubwa ni kwamba Kiswahili hakijafundishwa vya kutosha. Zana ya kuandikia haitatibu hilo, na kumpa mtoto huyo jina la ulemavu ni kumdhulumu. Ikiwa masimulizi yote mawili ni mazuri, lakini maandishi yana makosa yanayoelezeka kwa tofauti za sauti za lugha mbili, tena wenzake wa lugha hiyohiyo wanayo, anahitaji kufundishwa sauti na herufi kwa utaratibu. Ikiwa masimulizi yote mawili ni mazuri, na maandishi yana makosa yasiyoelezeka hivyo, au ni ya polepole mno kuliko ya wenzake, hapo kuna sababu ya kumtafutia zana. Na ikiwa masimulizi yote mawili ni duni, hata kwa lugha ya mama, basi shida iko mbali zaidi ya kalamu, na mtoto apelekwe kwa wapimaji. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum vimekuwapo Kenya tangu mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya tangu mwaka 1986; wapimaji hao nao waulize lugha kwanza.

Yule wa kundi la tatu ajaribiwe zana kwa majuma kadha, kwa kazi za aina moja, siku nyingine akiwa nayo na siku nyingine bila. Tena alinganishwe na hali ya tatu: kuandikiwa na mwenzake au na mwalimu. Mwandishi wa kibinadamu ni zana ya kale, haihitaji umeme, na inaelewa Kiturkana. Mashine ikishindwa kumzidi mwandishi huyo, tusione haya kuiweka kando. Ikimzidi, au ikimpa mtoto uhuru ambao mwandishi hawezi kumpa, basi inamfaa, na tuseme hivyo kwa ushahidi.

7. PINGAMIZI MBILI

Pingamizi ya kwanza ni kwamba tunachelewesha. Mtoto yuko gredi ya tano leo. Nasi twazungumza juu ya mofimu. Ngoja ngoja, wahenga walisema, huumiza matumbo. Pingamizi hii ina nguvu, na hatutaipuuza. Lakini ushahidi tulioutaja unahitaji siku tatu, si miaka mitatu; na mwandishi wa kibinadamu pamoja na muda wa ziada vyaweza kutolewa kesho asubuhi. Kinachochelewa ni zana nzuri ya Kiswahili, nayo haitaharakishwa kwa kumpa mtoto zana mbaya na kuita jambo hilo msaada.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Itasemwa kwamba sehemu kubwa ya mitihani ni kwa Kiingereza, na zana za Kiingereza zipo tayari. Kwa nini asizitumie? Tunakubali kwamba azitumie. Tahajia ya Kiingereza ni ngumu hata kwa wenyewe, na kisahihishi humfaa kweli mtoto mwenye disleksia katika lugha hiyo. Ila tuone mwisho wake. Mtoto atakuwa na lugha moja ambayo mashine humshika mkono, na nyingine mbili anazopambana nazo peke yake. Kiingereza kitakuwa lugha ya wepesi, Kiswahili kitakuwa lugha ya aibu, na Kiturkana hakitakuwa lugha ya kuandikwa kabisa. Hapo mtoto aliyetoka nyumbani na hadithi nzuri kwa lugha yake atakuwa amefunzwa kwamba hadithi hiyo haina mahali karatasini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vikwazo vya ulemavu wake. Katika Ibara ya 7 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Ibara hizi mbili husomwa na watu tofauti: moja na walimu wa elimu maalum, ya pili na sisi. Mtoto wa Kainuk anazihitaji zote mbili kwa wakati mmoja.

8. HITIMISHO

Tumeona kwamba mizani ya SETT imetufundisha jambo kubwa, yaani kutoanza na zana. Tumeona pia kwamba imeliacha jambo lingine kubwa, kwa kuwa ilizaliwa mahali ambapo lugha ya mtoto na lugha ya zana aghalabu ni moja. Si kosa la aliyeiunda. Ni kosa letu tukiichukua kama ilivyo.

Kazi iliyobaki imegawanyika. Walimu wa Turkana wanaweza kuanza na masimulizi na maandishi ya watoto wao, na kuyahifadhi, kwa sababu hayo ndiyo malighafi ya utafiti. Wanaisimu wa Kiniloti wanaweza kuwaandalia walimu hao orodha fupi, kwa lugha nyepesi, ya makosa yanayotarajiwa kwa Mturkana na kwa Mpokot anayeandika Kiswahili, ili kosa la lugha lisihesabiwe kuwa ulemavu, wala ulemavu usifichwe nyuma ya lugha. Nasi wa Kiswahili tuitoe mofolojia yetu ubaoni, tuitie katika zana. Mtoto aliyeandika kwamba alipika Lodwar jioni alikuwa amefika. Aliyesoma maandishi yake ndiye aliyekuwa bado njiani.